North Melbourne: vijana wote hao wa drafti, mbona bado mkiani?

BluuNyeupe

Wakuu, salaam. Naomba wanaoijua North Melbourne, klabu ya AFL (ligi kuu ya kandanda ya Kiaustralia), kwa undani wanisaidie hesabu hii, maana haikubali.

Kuanzia 2020 hadi 2024 klabu imemaliza ya 17 au ya 18 kila msimu. Ushindi: 3, 4, 2, 3, 3. Mwaka 2025 wamepata ushindi 5 na sare 1, nafasi ya 16 kati ya timu 18. Drafti ya AFL (zamu za klabu kuchagua vijana wapya) imepangwa makusudi ili anayeshika mkia achague chipukizi kwanza, na North wamechagua kweli: Horne-Francis, Sheezel, Wardlaw, McKercher, Duursma, O'Sullivan. Tangu 2023 kocha ni Alastair Clarkson, aliyechukua ubingwa mara nne na Hawthorn (2008, 2013, 2014, 2015).

Tatizo liko wapi? Benchi la ufundi, vijana wenyewe, au ofisi? Na mtu akitazama mechi zao aangalie nini kinachoonyesha mabadiliko kabla hayajafika kwenye msimamo? Jibu la "tuwape muda" tumeshalisikia miaka sita, tafadhali.

MzeeWaArden

Mkuu, angalia majina uliyoyataja. Yote ni ya 2021 kuja huku. Hakuna timu ya AFL inayobebwa na vijana wa miaka 19 hadi 21. Zinazobeba timu ni zile rika za miaka 24 hadi 29, watu wenye mechi mia na zaidi miguuni. Rika hilo ndilo North hawakuwa nalo, na halikupotea kwa bahati mbaya. Lilifagiliwa.

Mfagio wa kwanza ulipita mwisho wa 2016. Brent Harvey, Drew Petrie, Nick Dal Santo na Michael Firrito waliagwa kwa mkupuo. Harvey alikuwa na mechi 432, rekodi ya ligi wakati ule. Umri ulikuwa umekwenda, sawa, hilo halina ubishi. Ila timu ilikuwa imetoka kufika nusu fainali 2014 na 2015, kwa hiyo kwenye drafti za miaka hiyo ilikuwa inachagua nyuma ya wengi, na walipoondoka wakongwe hapakuwa na wa kutosha wa kupokea kijiti. Kuanzia 2017 hadi 2025 hawakucheza tena hatua ya mtoano.

Mfagio wa pili ni 2020, na huu ndio uliovunja uti wa mgongo. Wachezaji 11 waliachwa kwa pamoja, akiwemo Majak Daw, mzaliwa wa Sudan wa kwanza kucheza AFL. Dirisha hilohilo Ben Brown akaenda Melbourne na mwaka uliofuata akavaa medali ya ubingwa, Shaun Higgins akaenda Geelong. Mwisho wa 2021 beki Robbie Tarrant naye akaenda Richmond. Unapopunguza watu wengi namna hiyo unajaza nafasi na watoto, na watoto wanafundishwa na nani uwanjani? Kocha yuko kwenye kibanda juu ya jukwaa. Anayekuelekeza usimame wapi mpira unapodunda ni mwenzako wa miaka 28 aliye mita tano kutoka kwako.

Halafu kuna hili la drafti lenyewe. Watu wanaona chaguo la kwanza kama hundi ya benki. Jason Horne-Francis alichaguliwa wa 1 mwaka 2021, akacheza msimu mmoja, akaomba kuondoka, leo yuko Port Adelaide. Uhamisho ule ulihusisha klabu nne, na North walitoa pia chaguo lao la kwanza la 2022. Walichopata kikubwa ni machaguo ya 2 na 3, yaliyosogea hadi 3 na 4 baada ya Brisbane kumchukua Will Ashcroft kwa kanuni ya mtoto wa mchezaji wa zamani. Hapo wakatoka Harry Sheezel na George Wardlaw. Kwa maoni yangu hiyo biashara walishinda. Sheezel alichukua tuzo ya chipukizi bora wa ligi 2023.

Sasa linganisha na hawa wawili: Nick Larkey alichaguliwa wa 73, Tristan Xerri wa 72. Larkey alifunga magoli 71 mwaka 2023, katika timu iliyoshinda mechi tatu! Lakini alichaguliwa 2016. Huo ulikuwa msimu wake wa saba. Mshambuliaji mrefu na mrukaji wa katikati (anayeruka kugombea mpira unaporushwa) huiva taratibu kuliko kiungo, kwa sababu kazi yao ni kusukumana na wanaume wa kilo mia. Ukimfukuza mwaka wa nne, umemlelea jirani.

KijanaWaRaki

Mzee kamaliza upande wa orodha. Mimi niende uwanjani, kwa sababu umri peke yake hauelezi vile vichapo.

Mechi ya kusoma ni ya Juni 2024 dhidi ya Collingwood. North waliongoza kwa pointi 54, yaani magoli tisa, robo ya tatu ikiwa inaendelea. Wakapoteza kwa pointi 1. Watu wakasema "moyo mdogo". Hapana, ni ufundi.

Baada ya kila goli mpira unarudi katikati. Tangu 2019 kanuni inataka kila timu iwe na wachezaji sita nyuma, sita mbele na sita katikati: wanne ndani ya mraba wa katikati ya uwanja na mmoja kila pembeni. Kocha hawezi kuficha mtu wa ziada nyuma mpaka mpira uchezwe. Kwa hiyo wanne wako wa mrabani wakizidiwa mara tatu mfululizo, unaweza kula magoli matatu ndani ya dakika nne na mabeki wako hawana kosa lolote: mpira umefika kwao kwa pigo moja la mguu, eneo tupu, kila mtu na mtu wake. Timu kongwe ikifungwa mawili ya haraka inaua mwendo. Mrukaji anaugonga mpira kwenda pembeni badala ya mbele, kiungo anauangukia ili urushwe upya, mchezaji mwenye maki anatumia kila sekunde aliyopewa. (Maki ni kuudaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi bila kuguswa na mtu, ukiudaka unapata pigo huru.) Timu changa inafanya kinyume: inataka kulipa goli palepale, inapiga mpira wa kati, unakatwa, la tatu linaingia.

Hapo kwenye kukatwa ndipo kidonda chao kikubwa kilipo. Magoli mengi ya mchezo wa siku hizi yanatokana na mpira uliopotezwa. Timu inayoshambulia imetanuka. Ikipoteza mpira kwenye mstari wa katikati, nyuma yake kuna uwazi wa mita 60 au 70. Ongeza kanuni ya 2021 ya kusimama: anayelinda alama (anayesimama mbele ya mwenye maki) hawezi kusogea kushoto wala kulia mpaka mwamuzi aruhusu, na hiyo ilimfungulia mpigaji njia ya pembe, mpira ukawa unasafiri kasi zaidi. Ulinzi wa eneo unahitaji watu 18 wasogee pamoja kama wavu. Mmoja akichelewa hatua tatu, wavu una tundu. North wana tundu nne.

Ndiyo maana msimlaumu Larkey au mabeki kwanza. Mpira unaofika nyuma kwa kasi hiyo hata beki bora wa ligi anaonekana mzembe.

Nusu_Uwanja

Naheshimu wote wawili, lakini mnaisamehe ofisi kirahisi mno.

Ben McKay, beki mrefu, aliondoka mwisho wa 2023 kama mchezaji huru kwenda Essendon. North wakafidiwa na ligi chaguo la 3, na mashabiki wengi wakashangilia. Yaani unampoteza beki wa kati wa miaka 25, rika lilelile Mzee analolilia, unapewa kijana wa miaka 18 unaitikia asante. Kilichofuata ni Charlie Comben, aliyelelewa kuwa mshambuliaji, kurudishwa nyuma mwaka 2024 kuziba pengo. Amejitahidi sana, tena namkubali, lakini hiyo ni kuhamisha kiraka.

Kisha Novemba 2024. Klabu iliyomaliza ya 17 inatoa chaguo lake la mzunguko wa kwanza la 2025 kwa Richmond ili ipate chaguo la 27 usiku ule na kumchukua Matt Whitlock. Kamari ilikuwa kwamba timu itapanda 2025, chaguo lishuke thamani. Wakamaliza ya 16. Whitlock anaweza kuwa mchezaji mzuri, warefu huchelewa kama alivyosema Mzee, lakini bei ile inalipwa na timu iliyo karibu na nane bora.

Na nyumbani? Uwanja wao wa Melbourne ni wa kugawana na klabu nyingine. Kwa miaka walipeleka mechi Hobart, Tasmania, kwa ajili ya mapato, na sasa Tasmania inaletewa klabu yake. Mwaka 2025 wakapeleka mechi mbili za "nyumbani" Australia Magharibi, ikiwemo Bunbury. Kutoka Melbourne hadi Perth ni saa nne hivi za ndege. Unasafiri kwenda jimbo la mpinzani, unaita nyumbani. Fedha naielewa, hii ni klabu ndogo iliyokataa kuhamishiwa Gold Coast Desemba 2007 na ilibidi itafute pa kula. Lakini gharama yake ni mechi, na usajili wa watu wazima: mchezaji huru mwenye miaka 27 anaposoma ratiba hiyo anaona viwanja vya ndege.

MzeeWaArden

@Nusu_Uwanja kwenye McKay nakuunga mkono. Kwenye chaguo la 27 pia, ingawa inaniuma kusema. Ila uwe mkweli: dirisha hilohilo waliwaleta Luke Parker kutoka Sydney, Caleb Daniel kutoka Western Bulldogs na Jack Darling kutoka West Coast. Ofisi ilikiri, kwa vitendo, kwamba watu wazima walihitajika. Walichelewa miaka minne tu.

Na watu wasiseme North wanapoteza makusudi ili wachague mapema. Raundi ya mwisho ya 2023 walikuwa wamepoteza mechi 20 mfululizo. Wakaifunga Gold Coast huko Hobart, wakalingana na West Coast kwa ushindi 3, wakawapita kwa asilimia (uwiano wa pointi za kufunga na za kufungwa), na chaguo la 1 likaenda West Coast. Ndilo lililomleta Harley Reid.

BluuNyeupe

Shukrani wakuu. Mnieleze basi: timu ya wanawake ya North ni mabingwa 2024 na 2025, misimu yote miwili hawajapoteza mechi. Klabu ileile, ofisi ileile. Inakuwaje?

Nusu_Uwanja

Hiyo ndiyo hoja inayomsaidia Mzee, bahati mbaya kwangu. Timu ya wanawake iliingia ligi 2019 na haikuanza na watoto. Ilianza kwa kusajili watu waliokwisha kucheza kwingine: Emma Kearney, Jasmine Garner, Jenna Bruton, Kaitlyn Ashmore, Emma King. Uti wa mgongo ukawekwa siku ya kwanza, chipukizi wakaongezwa juu yake mwaka baada ya mwaka. Kocha Darren Crocker amekaa nao muda mrefu. Upande wa wanaume, kati ya 2019 na 2023 wamepita Brad Scott, Rhyce Shaw, David Noble, Leigh Adams wa muda, Clarkson, na Brett Ratten aliyemshikia nafasi. Kila mmoja na ulinzi wake wa kufundisha upya.

KijanaWaRaki

Swali lako la mwisho halijajibiwa, la nini cha kuangalia.

Acha idadi ya pasi na miguso. Timu inayozidiwa inaweza kupigiana pasi za ngumi nyuma siku nzima, takwimu zikapendeza. Angalia asilimia kwenye msimamo: pointi ulizofunga, gawanya kwa ulizofungwa, zidisha kwa 100. Ukifunga 1,800 na kufungwa 2,400 ni 75. Timu inayoanza kupona huonyesha hapo kabla ya ushindi, kwa sababu vichapo vya pointi 70 vinakuwa vya 25. Ikifika 90 na zaidi, ushindi unafuata wenyewe.

Ukiwa unatazama mechi, hesabu pointi ambazo mpinzani amepata baada ya North kupoteza mpira kwenye nusu yao wenyewe. Andika kwenye karatasi, robo kwa robo. Kisha tazama dakika tano baada ya kufungwa magoli mawili mfululizo: je, mpira unaelekezwa pembeni karibu na mstari, au bado wanapiga katikati? Na ukiona mpinzani anadaka maki akiwa peke yake ndani ya mita 50 za goli lao, rudisha picha nyuma sekunde kumi. Kosa halimo kwa beki uliyemwona. Liko kwa kiungo aliyekuwa anatembea.