IST inasumbua sailensa baada ya kufunga throtobodi mpya: niiache, nichukue ya mtumba ya Japani, au nirudishe ya zamani?

Mkolani Juu
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Toyota IST yangu ilikuwa ikishapata moto inakosa sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali), nikiwa kwenye foleni ya Buzuruga na AC imewashwa inataka kuzima. Fundi akasema throtobodi, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, imekufa. Nikanunua mpya, siyo orijino, akaifunga mwezi uliopita. Sasa imegeuka: inanguruma juu, mshale wa mizunguko ya injini unapanda unashuka, unapanda unashuka, hata mguu ukiwa mbali na pedali. Fundi wa pili anasema niing'oe, nichukue ya mtumba ya Japani kwa laki mbili na nusu. Shemeji yangu anasema nirudishe ile ya zamani niisafishe tu. Jumamosi nina safari ya Geita na familia. Nifanye lipi?

Fundi Mabatini
Mkuu, yaliyo muhimu umeyaacha. Injini ni 1.3 au 1.5? Throtobodi ni ya waya au ya umeme? Taa ya injini inawaka? Mshale unacheza kati ya ngapi na ngapi? IST za mwanzo na za baadaye hazifanani. Ya waya, ukikanyaga unavuta kisahani cha kufungulia hewa moja kwa moja, na chini yake kuna vali ya sailensa inayopitisha hewa kisahani kikiwa kimefunga. Ya umeme haina waya, mota inafungua kisahani kwa amri ya kontroboksi (kompyuta ya injini). Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Kisesa Njiapanda
Chukua ya mtumba, usipoteze muda. Mimi kitu chochote cha injini sinunui kopi. Japani iliyotumika inaishinda kopi mpya, nimeshasema humu mara nyingi.

Mkolani Juu
Samahani wakuu. Ni 1.3, ya waya. Taa haiwaki. Mshale unacheza kati ya 1,000 na 1,800. Nimesahau pia kusema kwamba fundi wa kwanza alipoona inanguruma alikaza na kulegeza skrubu moja pembeni kwa bisibisi. Ikashuka siku mbili, ikarudi palepale.

Fundi Mabatini
Hapo sasa tunaongea. Hiyo skrubu hupangwa kiwandani na haiguswi. Kazi yake ni kuzuia kisahani kisigonge ukuta, haipo kwa ajili ya kurekebisha sailensa. Ukiikaza, kisahani kinabaki wazi kidogo, sensa inaiambia kontroboksi kwamba dereva amekanyaga, na kontroboksi inaacha kusimamia sailensa.

Kupanda na kushuka kuna sababu nyingine, pale sensa inaposoma kisahani kimefunga. Hewa inaingia nyingi kuliko ilivyopangwa, injini inapanda. Kontroboksi inaona mizunguko iko juu na mguu haupo, inadhani uko kwenye mteremko, inakata mafuta. Injini inashuka. Inarudisha mafuta, inapanda tena. Itaendelea hivyo mpaka betri na petroli viishe. 1.3 ikiwa moto bila AC inatakiwa itulie kwenye 650 hadi 750 hivi.

Swali langu sasa: hewa hiyo inapita wapi? Kwenye kisahani chenyewe, kwenye vali, au kwenye gasketi?

Mama wa Mwaloni
Kaka wa Mkolani, usiende Geita na gari hiyo. Nayasema haya kwa sababu yamenipata.

Nina Premio ya injini ya 1NZ, throtobodi ya umeme. Mwaka 2023 nilifungiwa throtobodi ya kopi, nikaambiwa itazoea yenyewe. Wiki hiyohiyo nikaenda Sengerema kudai hela za dagaa. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, tunavuka kwa kivuko. Kwenye foleni mshale uko 1,700. Gari ya otomatiki ikiwa hapo, ukiweka D inasukuma yenyewe, wewe kazi yako ni kuishikilia kwa breki. Tukaitwa kupakia. Ule mteremko wa kuingia kivukoni una utelezi, mbele yangu bodaboda imebeba mama na mtoto mgongoni, nyuma yangu basi. Nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili, mguu unatetemeka, gari inakwenda. Nikaweka N, gia huru. Injini ikalia kwa nguvu mpaka yule mama akageuka, akanitazama usoni. Sura yake sijaisahau hadi leo.

Kurudi, taa ya injini ikawaka na gari ikagoma kuchanganya, nikafika Mwanza kwa kutambaa. Fundi mwingine akaipima, ikasoma P0171, yaani hewa nyingi kuliko mafuta. Akafungua: kopi ile haikuwa na mfereji sawasawa wa kukalisha mpira wa kuzibia, mpira wa zamani ulikuwa umepasuka, yule wa kwanza akajazia silikoni. Hewa ilikuwa inaingia pembeni muda wote.

Mkolani Juu
Pole sana dada. Hiyo imenitisha kwa kweli.

Igogo Relini
Pole dada. Lakini kwa maelezo hayo kosa ni la gasketi, throtobodi haina hatia. Kopi siyo zote mbaya.

Kisesa Njiapanda
Igogo, mpira umekosa pa kukaa kwa sababu mfereji wa kopi ni mbovu. Unaitetea ya nini?

Fundi Mabatini
Hapo Kisesa yuko sahihi. Kuna siku niliziweka mbili juu ya gunia, kopi na ya Japani ya gari moja, za waya zote. Nikaziinua moja moja kuelekea jua, kisahani kimefunga. Ya Japani mwanga ulizunguka mwembamba kama uzi, sawa pande zote. Ya kopi, upande mmoja giza, upande wa pili mwanga umejaa kama mwezi mwandamo. Kisahani hakikukaa katikati. Hata ungefunga gasketi ya dhahabu, hewa ingepita. Kabla hujanunua yoyote, ya mtumba ikiwemo, inua uangalie. Kipimo hicho hakina gharama.

Na ya mtumba nayo isafishwe, halafu vali yake isukumwe kwa kidole uone kama inazunguka laini. Nyingi zimekaa stoo miaka, vali imeganda.

Nyegezi Kona
Msimwambie asafishe kwa kabureta klina jamani. Inakula ule utando mweusi pembeni mwa kisahani.

Igogo Relini
Nimesafisha kwa kabureta klina miaka kumi, sijaona tatizo.

Nyegezi Kona
Kwenye za waya unaweza kubahatika. Za umeme nyingi zina utando maalumu wa kuziba mwanya, ukiutoa unabaki na sailensa ya juu. Tumia dawa ya throtobodi yenyewe na kitambaa, na usikisukume kisahani kwa kidole swichi ikiwa imewashwa, utavunja gia za plastiki.

Fundi Mabatini
Mkolani, ile ya zamani iko wapi? Naona kama haikuwa imekufa. Kukosa sailensa AC ikiwashwa ni dalili ya vali iliyojaa masizi. Ingesafishwa kwa nusu saa. Angalia na maji ya rejeta, kwa sababu yanapita kwenye throtobodi hiyo. Yakipungua nayo inayumba.

Mkolani Juu
Ya zamani alibaki nayo fundi. Sikuidai.

Mama wa Mwaloni
Kaka, hili nalo ni somo letu sote wenye magari. Spea ikitolewa ondoka nayo, hata kama ni mbovu. Mimi nina sanduku zima nyumbani.

Kisesa Njiapanda
Wengi wanazisafisha na kuziuza. Mwenzio anafungiwa kitu chako.

Fundi Mabatini
Wapo wa namna hiyo, ila tusiwajumlishe wote. Mimi mteja haondoki bila spea yake, namwekea kwenye mfuko.

Ukiipata, isafishe na vali yake, weka gasketi mpya, usitumie silikoni. Toa waya hasi wa betri dakika kumi na tano ili kontroboksi isahau ilivyojifunza kwenye hii ya kopi. Washa bila AC, bila redio, usikanyage, iache mpaka feni iingie. Ndipo uwashe AC uone inavyoshika.

Mkolani Juu
Nimempigia. Anasema anayo bado, iko kwenye kopo la dizeli gereji, niende kesho saa 2 asubuhi. Safari ya Geita tutapanda basi. Asanteni sana wakuu, na dada wa Mwaloni.

Igogo Relini
Ukichukua ya mtumba badala yake, tuambie duka. Na mwenye kujua Nissan anisaidie: nimesafisha throtobodi ya X-Trail, sailensa imekwama 1,500, betri nimetoa usiku kucha na haijashuka.

Nyegezi Kona
Nissan kutoa betri hakutoshi, lazima ifundishwe sailensa upya. Injini iwe moto, taa na AC zimezimwa, usukani umenyooka, na chaji iwe juu ya volti 12.9, la sivyo inakataa. Betri yako ina umri gani?