NFT zikae wapi: sokoni, MetaMask au Ledger?

Kisiki_cha_Mpingo: Wakuu, nina NFT chache (hati za kidijitali za kumiliki picha na vitu kama hivyo) nilizonunua OpenSea, tovuti ya kuuzia NFT. Zipo MetaMask, app ya waleti (pochi ya kidijitali), kwenye simu hiihii ya M-Pesa na WhatsApp. Jamaa mmoja anasema nizihamishie Binance, soko la sarafu za kidijitali, mwingine anasema ninunue Ledger, kile kifaa cha kutunzia ufunguo. Kipi salama?

Mwanaasha_T: Soko kama Binance, ufunguo (namba ya siri ya kuhamishia mali) wanashika wao, wewe una salio la kutazama tu. Waulize waliokuwa kwenye masoko ya Mt. Gox 2014 au FTX Novemba 2022, yalipofilisika na mali za wateja. Faida yake ni kwamba ukisahau nywila utasaidiwa. MetaMask ukipoteza yale maneno 12 ya siri ya kurejeshea waleti, imekula kwako. Na hakikisha kwanza kama soko linapokea NFT hizo. Ukiituma kwenye anwani ya kupokelea ETH (sarafu ya Ethereum) tu, inaweza kukwama hukohuko.

Fundi_Laini: Mkuu, Ledger ni nzuri, ufunguo hautoki kwenye kifaa. Ila wezi wengi wa NFT hawahangaiki na ufunguo, wanataka saini yako, yaani idhini unayobonyeza kwenye waleti. Februari 2022 watumiaji wa OpenSea waliibiwa hivyo: walisaini wenyewe walichowekewa na matapeli. Kifaa hakikatai, ukibonyeza kimesaini. Ukiona "setApprovalForAll" kwenye skrini, soma mara mbili. Hapo unampa mtu ruhusa ya kuhamisha NFT zako zote za mkusanyiko ule, siyo moja. Ruhusa za zamani zifute kwenye tovuti ya Revoke.cash, utalipa gesi (ada ya mtandao) kidogo.

Babu_Kombo: Nanyi mnaisifia Ledger mno. Mwaka 2020 majina na anwani za wateja wao vilivuja, kisha baadhi wakaletewa kwa posta kifaa bandia na barua ya kuwataka waingize maneno yao 24 ya siri ya Ledger. Na kama NFT zako zote hazifiki bei ya kifaa, unanunua cha nini?

Fundi_Laini: Kweli, babu. Basi afungue waleti ya pili, yenye maneno yake mapya, si akaunti nyingine ndani ya ileile. Ya kwanza ya kununulia, iwe na hela ya siku hiyo tu. Ya pili ya kutunzia, isiunganishwe na tovuti yoyote.

Kisiki_cha_Mpingo: Nimewaelewa. Sasa huyu aliyeniibukia inboksi anajiita huduma kwa wateja wa MetaMask, anataka "kuthibitisha waleti"?

Mwanaasha_T: Tapeli huyo. Usimjibu, mripoti kwa modi (msimamizi wa jukwaa).