Mjadala: Je, makumbusho ya posta yaruhusiwe kuuza stempu zake?

Mtoa mada: Makumbusho mengi ya posta hutegemea fedha za umma au ruzuku ya mashirika ya posta, ambayo mapato yake ya barua yanazidi kushuka. Napendekeza yaruhusiwe kupeleka mnadani stempu zenye nakala nyingi, na mapato yatunze zinazobaki. Mwanga hufifisha wino, hivyo nyingi hukaa gizani kabatini, na anayezitaka anaweza kutazama picha zake za kidijitali. Kwa nini umma ulipie mali usiyoiona?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa mada, suala la gharama ni la kweli, lakini hoja yako inayumba pale unapochukulia kwamba stempu mbili zinazofanana zina habari ileile. Penny Black, stempu ya kwanza ya kubandika, iliyotolewa Uingereza mwaka 1840, ilichapishwa zaidi ya nakala milioni 68. Kwa kigezo chako, ingetangulia mnadani. Hata hivyo ilichapishwa kwa bamba 11, na kila stempu katika karatasi ya stempu 240 ilikuwa na jozi yake ya herufi kwenye pembe za chini. Iligongwa muhuri wa wino mwekundu, ikabainika kwamba wino huo unaweza kufutwa na stempu kutumika tena, na ndiyo maana mwaka 1841 rangi ziligeuzwa, stempu ikawa nyekundu na muhuri mweusi. Kisa hicho huwezi kukisoma kwenye stempu moja safi. Kinahitaji rundo la zilizotumika, zikiwemo zilizosuguliwa, ambazo dalali angezipuuza.

Barua zenyewe zina mengi zaidi. Baadhi ya zilizopitia karantini enzi za kipindupindu zina mipasuko midogo, iliyokatwa ili moshi wa kufukizia uingie ndani. Mkusanyaji anayejali stempu tu angeiloweka karatasi hiyo, abandue stempu na kutupa ushahidi wote. Picha itaonyesha mpasuko, lakini haitamwezesha mtafiti kupima karatasi, wino au gundi, na katika fani iliyojaa wa kughushi hilo si jambo dogo.

Tazama pia ilikoishia stempu ya British Guiana (koloni la Uingereza, sasa Guyana) ya senti 1 ya mwaka 1856, ambayo inajulikana moja tu. Mkusanyaji Philipp von Ferrary, aliyekuwa akiimiliki, aliusia mkusanyiko wake kwa makumbusho ya posta ya Berlin, lakini alipofariki mwaka 1917 Ufaransa iliutwaa, kisha ikaunadi. Mwaka 2014 stempu hiyo iliuzwa kwa takriban dola milioni 9.5, na ilipoonyeshwa baadaye katika makumbusho ya posta ya Washington, ilikuwa kwa hiari ya mwenye nayo.

Mchangiaji wa pili: Mfano wa Ferrary haukusaidii, ndugu yangu, kwa kuwa iliyouza ni serikali, si makumbusho. Na vipi kuhusu karatasi nzima za stempu za kisasa, zilizochapishwa kwa ajili ya wakusanyaji na zisizowahi kubeba barua hata moja?

Mchangiaji wa kwanza: Hizo ziuzwe, mradi zibaki karatasi kadhaa za kila toleo pamoja na michoro na majaribio yake ya uchapishaji. Ila uteuzi ufanywe na wahifadhi, na orodha itangazwe kabla ya mnada.