Mlima wa 9% na malori ya kokoto: lami nyepesi, lami nzito au zege?

Msanifu_Wilaya
Wakuu, nilinganishieni. Barabara ya km 3.2 kutoka machimbo ya kokoto, upana m 7. Km 2.1 za mwanzo ni tambarare juu ya udongo wa mbuga (mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka), CBR, yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, chini ya 3. Km 1.1 iliyobaki inapanda kwa 9% juu ya udongo mwekundu wenye CBR 15. Malori 60 ya ekseli tatu kwa siku, yote yanapanda na mzigo, siku 300 kwa mwaka, miaka 20. Kwa mwongozo wa Tanzania wa 1999 wa kusanifu matabaka ya barabara napata ekseli sanifu (mapito ya ekseli ya kulinganishia, tani 8.16) milioni 2, daraja la mzigo wa magari TLC 3, yaani milioni 1 hadi 3. Mtambo wa lami ya moto uko km 130. Naelekea kuweka lami nyepesi (lami inanyunyizwa, kokoto zinamwagwa juu) ya matabaka mawili, kokoto 14 mm na 7 mm, njia nzima.

Mzani56
Rudi kwanza kwenye hesabu. Milioni 2 inatoka pale tu kila lori linapobeba hivi: ekseli mbili za nyuma tani 10 kila moja, ambayo ni ekseli sanifu 2.5 kwa kila moja, na ya mbele kama 0.5. Jumla 5.5 kwa lori. Sasa uharibifu unakua kwa kipeo cha 4.5, kwa hiyo ekseli ya tani 12 haiumizi barabara kwa 20% zaidi, inaiumiza mara 2.3 ya ile ya tani 10. Wakizidisha hivyo (na machimbo tunayajua), umefika milioni 4.5, yaani TLC 10. Pima ekseli kwa mzani wa kubebeka siku 7 mfululizo, usiku ukiwemo.

Kokoto14
Lami nyepesi kwenye mlima huo hapana. Lori lenye mzigo linapanda kwa mwendo wa mtu, na tairi la nyuma linasukuma kokoto kurudi chini. Baada ya msimu mmoja wa joto kokoto zimezama, lami imepanda juu, barabara inang'aa na kuteleza. Hata kunyunyiza ni shida: lami ya maji inatiririka kuelekea mtaroni kabla kokoto hazijamwagwa. Tambarare inafaa, mradi kokoto hazina vumbi na MC-30 (lami nyepesi ya awali inayopenya kwenye msingi) ikae saa 24 hadi 48 kabla ya tabaka la kwanza.

LamiMoto
Mnaruka lami nzito, ile ya moto inayochanganywa na kokoto mtamboni, haraka mno. Mm 50 kwa km 1.1 ni m³ 385, kama tani 920. Km 130 si mbali kama malori yamefunikwa turubai. Tumia lami ngumu zaidi, daraja la 40/50, na kokoto zinazobebana zenyewe. Tandaza ukipanda, usitandaze ukishuka. Kipimo cha kusimamia ni uwazi wa hewa: ukishindilia sampuli mpaka igome, ubaki angalau 3%. Ukishuka hapo, matairi yatachimba mifereji miwili, hata kama vipimo vya Marshall (vya uimara wa mchanganyiko wa lami) vilipita maabara.

Zege_Kavu
@LamiMoto yote sawa, ila unategemea mkandarasi apatie kila kitu kwa tani 920. Mzigo mzito unaokwenda polepole kwenye mstari uleule ni kazi ya zege; njia za mwendokasi Kimara hadi Kivukoni ni za zege kwa sababu hiyo.

Mm 200 ni m³ 1,540. Kwa kilo 350 za saruji kila m³, hiyo ni mifuko 10,780 ya kilo 50. Chini weka tabaka la mm 150 lililochanganywa saruji, la sivyo maji yatasukuma udongo laini kupitia viungo na bamba litabaki likining'inia. Viungo kila m 4.5. Nondo laini za mm 25, urefu mm 450, kila mm 300, nusu moja ipakwe lami iteleze. Zikikaa upande, bamba linapasuka karibu na kiungo. Kata kwa msumeno kabla zege halijachagua ufa wake: kati ya saa 6 na 24, kina robo hadi theluthi ya unene. Kwenye joto la mchana saa 24 ni kuchelewa. Lowanisha siku 7. Anza kumwaga chini ya mlima, na mwisho wa chini weka boriti ya nanga, maana kwenye 9% mabamba hutambaa.

Pevingi80
Na pevingi (matofali ya zege ya kupanga) za mm 80?

Zege_Kavu
Zinawezekana, kwa mpangilio wa zigizaga na boriti za kukatiza mlima. Bila boriti, mchanga wa chini unahama na mvua.

MbugaMbaya
Mnabishana juu ya km 1.1 wakati hela itapotelea kwenye 2.1. Usijaze mbuga kwa mchanga au moramu inayopitisha maji; unatengeneza bwawa chini ya barabara. Weka kifusi kisichopitisha maji, daraja G3 au G7 (CBR angalau 3 au 7), mara baada ya masika udongo ukiwa bado na unyevu, sio Septemba umeshapasuka. Mabega m 2 yapakwe lami nayo, kwa kuwa nyufa za urefu zinaanzia pale unyevu unapobadilika kati ya kiangazi na masika. Mtaro ukae m 4 hadi 6 kutoka mguu wa tuta. Miti iondoke.

Msanifu_Wilaya
Basi zege mlimani, lami nyepesi tambarare. Zikutane wapi?

Zege_Kavu
Sio mguuni mwa mlima. Dereva anabadili gia kabla hajaanza kupanda, na hapo ndipo lami nyepesi inachunika. Vuta zege m 30 ndani ya tambarare, mbuga iwe imeshaisha. Mwisho wa bamba weka bamba la kulalia chini yake, vinginevyo upande wa lami utatitia na kila lori litagonga ukingo.