Mnaotuuzia "matembezi ya miguu" Delhi ya Kale mnatupeleka kwenye maduka ya mazulia. Rudisheni hela za watu!

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana. Naandika nikiwa Delhi, nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza.

Kuna dalali mmoja Mtanzania, yuko hapa miaka mingi. Kazi yake ni kupokea wagonjwa na ndugu zao wanaotoka nyumbani kuja kutibiwa. Anawatafutia vyumba karibu na hospitali, laini za simu, mtu wa kubadilisha hela. Kwa hayo sina neno, alitupokea vizuri uwanja wa ndege na chumba alichotupatia ni kisafi. Lakini siku hizi ameongeza biashara nyingine: anawauzia wauguzaji siku ya matembezi. Tangazo lake linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Anaahidi kutembea kwa miguu Delhi ya Kale na mwongoza watalii wenu peke yenu, mwenye leseni. Mtaona ngome ya Lal Qila, mtaa wa Chandni Chowk, soko la viungo la Khari Baoli, na mtaswali adhuhuri Jama Masjid. Dola 70 kwa kila mtu.

Tulilipa dola 140, mimi na baba. Mama amelazwa kwa ajili ya moyo, daktari alikuwa ameshatuambia anaendelea vizuri, na dada yangu akabaki naye wodini. Baba ana miaka sabini na ushei na magoti yanamsumbua. Tangu tupande ndege alikuwa anazungumzia mambo mawili tu. La kwanza, aswali jamaa, swala ya pamoja, kwenye msikiti wa Jama Masjid. La pili, aione karafuu sokoni. Baba ni mtu wa Wete, Pemba, amekulia kwenye mikarafuu, amechuma na kuanika tangu utotoni. Maisha yake yote amesikia kwamba mzigo unakwenda India, akataka ajionee kwa macho yake unakofikia. Mambo hayo mawili nilimwandikia dalali kabla sijatuma hata senti moja. Ujumbe wake ninao: "hakuna shida dada, adhuhuri mtakuwa ndani ya msikiti".

Siku aliyotupangia ikawa Jumatatu. Jamani, Lal Qila hufungwa kila Jumatatu! Si jambo la kuchimbua. Mtu anayekula kwa kutembeza wageni Delhi asijue ngome inafungwa lini ni kama muuza samaki wa soko la Feri, Dar, asiyejua mnada unaanza saa ngapi. Walijua. Walitupeleka Jumatatu kwa sababu ngome ikiwa imefungwa kunapatikana pengo la saa mbili tatu, na pengo lile lina kazi yake.

Mwongozaji alikuja na gari. Matembezi ya miguu yakaanzia kwenye kiti cha nyuma. Nikamuuliza leseni yake iko wapi, maana hapa Wizara ya Utalii inawapa waongoza watalii leseni na kitambulisho chenye picha. Akasema ameisahau nyumbani. Nikampigia dalali palepale, hakupokea. Gari likaondoka, mwongozaji akageuka akatuambia ngome imefungwa leo, lakini msiwe na wasiwasi, nimewaandalia kitu kizuri zaidi.

Kitu kizuri zaidi ni duka la mazulia.

Nataka niwaeleze mlango wa lile duka, kwa sababu hapo ndipo mchezo wote ulipo. Kabla hatujavua viatu kulikuwa na kijana amekaa kwenye kistuli ana daftari mapajani. Mwongozaji akamtajia jina lake, kijana akaliandika. Akaandika saa. Akaandika 2. Halafu akauliza tunatoka nchi gani, akaiandika nayo. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake nayaona yote. Watu wawili, mimi na baba yangu, tumeorodheshwa kama mzigo unaopokelewa ghalani, na chochote tutakachonunua mle ndani mwongozaji anakatiwa chake.

Ndani ikaletwa chai ya maziwa yenye iliki. Mlango ukafungwa kwa ajili ya kiyoyozi, ndivyo walivyosema. Zulia la kwanza likatupwa chini likajikunjua mpaka miguuni petu, la pili juu yake, la tatu. Mzee wa watu akaambiwa avue soksi asikie hariri. Baba akawaambia kwa upole, sisi tuna mgonjwa hospitali, hatukuja kununua zulia. Muuzaji akajibu kutazama hakulipiwi, akatupa jingine. Tukainuka kutoka, kumbe mlango wa kutokea haupo tulikoingilia. Unapitishwa chumba cha shali, huko mtu anachomoa uzi na kuuchoma kwa kibiriti ili unuse uamini kwamba ni sufu halisi. Kisha chumba cha visanduku vya marumaru na vijitaji-Mahal vya kuweka mezani. Kisha vito. Kila chumba kina mtu wake, na kila mtu anaanza upya. Mwongozaji wetu muda wote alikuwa amekaa kaunta anachezea simu.

Tulipotoka akatupeleka duka la pili. Nikamwambia hatuingii. Akasema dakika tano tu, mkiingia tu inatosha, si lazima mnunue. Nikamwuliza inamtosha nani? Hakujibu. Dereva naye akazima gari. Baba akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wakati wa swala unapita." Tukaingia lile duka, kwa sababu mtaa wenyewe hatuujui na baba hawezi kutembea kubahatisha.

Jama Masjid tulifika jamaa imeshaswaliwa. Watu walikuwa wanashuka ngazi, sisi tunapanda. Zile ngazi ni nyingi na ni ndefu, baba alizipanda moja moja huku ameegemea bega langu. Pale langoni mtu akatudai hela ya simu, ile wanayotozwa wageni kwa ajili ya kupiga picha, na mwongozaji wetu akasimama upande wake anatuambia tulipe, ninyi ni watalii. Baba yangu! Amevaa kanzu na kofia, tasbihi mkononi! Baba akatoa salamu akasema amekuja kuswali, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale pembeni akainuka, akamshika mkono, akampitisha. Anayekwenda kuswali hatozwi kitu. Yule tuliyemlipa atutetee mjini ndiye aliyetaka tutozwe.

Ule msikiti ulijengwa na mfalme Shah Jahan, ukakamilika 1656, na uwanja wake unaweza kuchukua waumini 25,000. Baba aliswali peke yake. Akanyoosha miguu kidogo, na kabla hajamaliza nyiradi zake mwongozaji akawa anamwonyesha saa.

Soko la viungo sasa. Khari Baoli iko mwisho wa Chandni Chowk, nyuma ya msikiti wa Fatehpuri. Kutoka mbele ya ngome mpaka pale ni mtaa mmoja ulionyooka, haufiki kilomita mbili, na tangu ulipokarabatiwa na kufunguliwa tena 2021 magari hayaruhusiwi kuupita kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Yaani ni mtaa wa miguu kweli kweli. Kwa magoti ya baba nilikubali tupande riksha, ile baiskeli ya magurudumu matatu. Mwongozaji akasema rupia 1,000, haimo kwenye malipo. Nililipa. Riksha ikasimama kabla ya kufika sokoni, kwenye kiduka kimoja chenye vioo, pakiti za dhahabu zimepangwa mpaka darini, na kijana mwingine mwenye daftari. Mwongozaji akasema hili ndilo soko la viungo.

Baba akaomba aone karafuu. Wakamfungulia pakiti. Akachukua punje moja akaibonyeza kwa ukucha, jinsi wanavyofanya kwao kila siku, maana karafuu nzima ukiibonyeza inatoa mafuta. Haikutoa kitu. Akajaribu nyingine, haina hata kichwa. Akairudisha mezani taratibu, akasema kwa Kiswahili, "Hizi zimeshakamuliwa." Muuzaji akamtajia bei ambayo baba alinifanya niirudie kwa sababu hakuamini. Tukatoka. Mwongozaji akanuna, akasema muda wenu umekwisha, na ikawa mwisho wa matembezi ya miguu.

Siku chache baadaye nilirudi peke yangu kwa metro. Nilishuka kituo cha Chandni Chowk, hakuna aliyenisumbua zaidi ya kuitwaitwa na wenye riksha. Na hapo ndipo hasira yangu ilipozidi, maana kila walichotuficha kiko palepale. Mkabala na ngome kuna hekalu la Wajaini lenye hospitali ya ndege ndani yake. Watu wanaleta njiwa aliyekatika bawa anafungwa bendeji bure. Mbele kidogo kuna gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, ya Sis Ganj, mahali alipouawa kiongozi wao wa dini, Guru Tegh Bahadur, mwaka 1675 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, na yeyote anayeingia, wa dini yoyote, anakalishwa chini analishwa bila kuulizwa kitu. Huko Khari Baoli kwenyewe mahamali wanapita na magunia kichwani wanakupigia kelele upishe, pilipili imejaa hewani kila mtu anapiga chafya, na karafuu zipo, magunia wazi, unachota kiganjani unanusa. Baba hakuwa nami. Magoti yalivimba baada ya siku ile ya kuzungushwa madukani na hajaweza kutoka tena.

Nilimtafuta dalali. Jibu lake: "dada, India ndivyo ilivyo, hata Wazungu wanapelekwa madukani, mwongozaji anaishi kwa kamisheni."

Haya, tuhesabu pamoja. Kama mwongozaji anaishi kwa kamisheni ya maduka, dola zangu 140 zimekwenda kwa nani? Kama alilipwa vizuri kutokana na hela hiyo, basi hakuwa na sababu ya kutupeleka dukani. Kama hakulipwa, au alipewa makombo, basi wewe umekula hela yote halafu ukamwambia ajilipe kwa kutuuza sisi. Chagua mojawapo. Zote mbili ni wizi. Na wanaoibiwa ni watu waliouza shamba, waliochangiwa msikitini na kanisani, waliokaa wodini wiki nzima hawajaona jua, na wamekuamini kwa sababu unaongea lugha yao. Mhindi wa mtaani angetufanyia hivi ningesema ni mjini. Wewe unamjua mama yangu kwa jina, umeingia wodini ukamwombea dua!

Ninachotaka ni hiki. Dola 140 zirudi zote, pamoja na ile rupia 1,000. Tangazo libadilishwe: kama kuna maduka, liandike kuna maduka, na mangapi. Namba ya leseni ya mwongozaji itumwe kabla ya malipo. Na asimpangie mtu Lal Qila siku ya Jumatatu.

Wauguzaji mlioko huku au mnaokuja: ofisi halali ya utalii ya serikali iko namba 88, barabara ya Janpath. Zile "ofisi za serikali" nyingine mtakazovutwa kuingia kule Connaught Place na karibu na stesheni ya New Delhi ni za mawakala. Namba ya msaada kwa watalii ni 1363, saa ishirini na nne, haina malipo. Kiswahili hakimo, lakini Kiingereza kimo na Kiarabu kimo. Mkitaka kwenda sokoni msiende Jumapili, maduka mengi yanafungwa.

Waliopitishwa kwenye njia hii wekeni hapa chini mlilipa ngapi na mlipelekwa wapi. Najua hatuko peke yetu. Yule kijana wa daftari alikuwa na kurasa nyingi nyuma ya ukurasa wetu.

NYONGEZA, jioni: Nimesoma maoni yenu. Wanaosema naharibu riziki ya mtu, riziki yake ya vyumba na laini za simu sijaigusa, na nimemsifu inapostahili. Anayesema dola 140 ni hela ndogo, kwa mama yangu ni dawa, usirudie kuandika hivyo kwenye uzi wangu. Wanaotaka jina, nimempa mpaka Ijumaa anijibu kwa maandishi, na yeye mwenyewe anajua uzi huu upo kwa sababu amenipigia mara nyingi tangu mchana, nimekataa kuongea kwa sauti. Kuna familia kutoka Mwanza alikuwa amewapangia Jumatatu ijayo kwa bei ileile. Nimeshazungumza nao, wameghairi na wamedai hela yao. Mpaka naandika hapa amewarudishia nusu.