Mteja hakutokea jumamosi, simu hakupokea, leo anataka nafasi tena. Nimwombe advansi?

Msusi_Mbagala:
Habarini wapendwa, naombeni ushauri maana hili jambo limenikaa moyoni tangu jumamosi. Mimi nasuka, nina kifremu changu huku Mbagala, nipo na mdada mmoja ananisaidia. Kuna dada aliweka apointimenti ya rasta ndogo ndogo zile za kufika kiunoni, tukakubaliana saa mbili asubuhi. Jamani rasta ndogo hata tukivuta wawili ni masaa sita saba, yani nikimpa mtu jumamosi nimempa siku nzima, na wateja watatu niliwaambia nimejaa. Ijumaa nikaenda Kariakoo kumchukulia rasta rangi aliyoitaka, damu ya mzee, paketi saba kwa hela yangu.

Saa tatu kimya. Saa nne napiga inaita tu. Saa sita naona meseji ina tiki za bluu, kasoma, hajajibu. Huyu mdada wangu namlipa kwa kichwa, hakuna kichwa hakuna hela, na alishapanda daladala mbili kuja, nikampa elfu tano yangu maana nilishindwa kumwangalia anaondoka mikono mitupu.

Leo jumatano ndo ananitafuta, "shosti nisamehe nilipata udhuru, ijumaa una nafasi? nina kichen pati". Basi, hakuna maelezo mengine. Na huyu ni jirani, watoto wetu wanasoma darasa moja, nilipofiwa, mama yake alilala kwangu siku tatu. Nikimwomba advansi si nitaonekana nina roho mbaya?

fundi_cherehani:
Pole sana dada. Mimi nashona huku Mwanza, sikati kitambaa cha mtu bila nusu ya hela, awe jirani awe shangazi yangu. Mwanzo walininunia kweli, sasa hivi mtu anatuma kabla sijamwambia. Ila isiwe ya kwake peke yake, hapo ndo atajiona umemfanya mwizi. Andika karatasi bandika ukutani, weka na kwenye stetasi, kila anayeshika nafasi anatanguliza kiasi fulani na asiyekuja bila taarifa hairudi. Na hela ya rasta usitoe tena mfukoni kwako, hata kwa mtu unayemwamini.

mama_wawili:
Nitasema ukweli hata mkinisema. Mimi nimeshamfanyia msusi wangu hivyo hivyo. Nilikuwa nategemea hela ya mchezo, ikachelewa, nikaona aibu kumwambia sina hela. Nikasema nitamwambia jioni, jioni nikasema asubuhi, asubuhi akaanza kupiga, na kila alivyozidi kupiga ndo mkono ukazidi kuwa mzito. Wengi tumelelewa hivyo, kumwambia mtu "siji" tunaona kama tunamvunjia heshima, tunasema sawa inshallah halafu tunanyamaza, wakati kunyamaza ndo kunamuumiza. Nilipoenda kumwomba radhi aliniambia angejua tu usiku ule angemwita mwingine. Sijasahau. Mpigie, usiandike, muulize taratibu.

Kimara_mwisho:
Saa mbili uliiandikaje lakini? Nauliza kwa sababu mimi nilimwandikia binamu yangu aliyekulia ng'ambo "2:00" akaja saa nane mchana, na hakuwa na kosa, kwenye simu saa mbili yetu inasoma 8:00. Siku hizi naandika kwa maneno, saa mbili asubuhi.

Halafu tutofautishe na kuchelewa. Masika Jangwani ikijaa maji barabara inafungwa, huko huwezi kumlaumu mtu kwa kutofika. Ila meseji haizuiwi na mafuriko.

Msusi_Mbagala:
@Kimara_mwisho niliandika kabisa "saa mbili asubuhi", na meseji alisoma.

dada_wa_Tanga:
Mimi nisingempa ijumaa. Undugu na ujirani upo pale pale, msiba atakuja na wewe utaenda kwao, lakini kazi ni kazi. Wale watatu uliowakatalia nao ni majirani wa watu. Kawatafute hao kwanza, waombe radhi, uone nani anaitaka hiyo ijumaa.

Msusi_Mbagala:
Asanteni sana, nimewasoma wote. @mama_wawili nimempigia kama ulivyosema. Kasema walikuwa na mambo ya nyumbani, sikumchimba zaidi. Nikamweleza zile paketi saba na habari ya mdada kurudi bila kichwa, akanyamaza kidogo akasema hilo la mdada hakulifikiria. Nimemwomba elfu ishirini kabla ya kesho saa kumi jioni na nimemwambia ni utaratibu wa wote kuanzia leo, karatasi nimeshabandika. Kasema sawa. Mmoja wa wale watatu nae anaitaka ijumaa, nimemwomba asubiri hadi hiyo saa kumi, hela isipoingia anakuja yeye.