Tupeane uzoefu: Wanandoa mnaoishi ughaibuni kando ya bahari, siku zenu zinakwendaje?

Mtanga wa Aberdeen (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za masiku. Kila nikipiga simu nyumbani Tanga nakutana na maneno yaleyale: "Si mko baharini huko? Basi raha tu!" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na najua wenzangu mnaambiwa hivyohivyo. Tufungue uzi. Masharti ni mawili: uwe unaishi nje na mwenzi wako, na bahari iwe jirani yenu. Tuambieni siku inavyokwenda, picha za status tumeshaziona.

Naanza. Tuko Aberdeen, Uskochi, mji wa nyumba za mawe ya granite na meli za kuhudumia visima vya mafuta. Mke wangu anafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Mimi nilimfuata kama tegemezi, kabla mlango huo haujafungwa Machi 2024 kwa wanaokuja na viza ya kazi hiyo. Nipo kwenye ghala la baridi karibu na bandari. Yeye akipangwa usiku mimi napangwa asubuhi, kwa hiyo kuna wiki ndoa nzima inaendeshwa mlangoni: mmoja anavua viatu, mwingine anafunga kamba. "Chai ipo kwenye chupa. Mtoto amekohoa usiku. Kodi nimelipa." Basi, mpaka kesho.

Bahari yenyewe ni Bahari ya Kaskazini. Mimi mtoto wa Raskazone, nimekua nikiogelea, lakini hapa naishia kuloweka vidole. Hata Agosti maji yako nyuzi 14 hivi, na wenyeji wanaingia wakicheka. Halafu kuna ukungu wao wanaouita haar. Hewa ya uvuguvugu ikipita juu ya maji yale baridi inageuka ukungu, upepo wa mashariki unausukuma nchi kavu. Unatoka nyumbani jua linawaka, unashuka mitaa miwili kuelekea ufukweni, huoni mbele, na fulana imelowa wakati hakuna tone la mvua lililodondoka.

Mwisho wa Desemba jua linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Unaingia kazini giza, unatoka giza. Mke wangu ni mtu wa kuimba jikoni, lakini Januari ya kwanza alinyamaza kabisa. Daktari akamwambia anywe vitamini D na atoke nje mchana, hata kama kunanyunya. Ndipo tukaanza kwenda Torry, ng'ambo ya lango la bandari, ambako pomboo huja kuwinda samaki huku meli zikipita. Hakuna kiingilio. Tunakaa ndani ya gari, vioo vimeganda chumvi, tunakula chipsi vioo vikiwa vimepandishwa juu. Ukishusha kidogo tu, shakwe hao! Mmoja alimpora mke wangu kipande cha samaki mkononi akamwachia karatasi.

Kinachoniuma ni kitoweo. Mji wa wavuvi, dukani nauziwa minofu mitupu, haina ngozi wala kichwa. Mwenye kujua vichwa vya samaki vinapatikana wapi huku aseme.

Bi Mkubwa wa Seeb

Pole kaka yangu, huku vichwa tunawatupia paka mpaka wanashiba.

Sisi tuko Seeb, Oman. Mie mzaliwa wa Pemba, mume wangu kazaliwa hapahapa kwa wazee waliotoka Unguja. Mama mkwe yupo nasi, na jikoni kwake ni Kiswahili tu, Kiarabu ni cha jirani na cha televisheni. Hiyo ndoa ya mlangoni huku haipo. Huku ndoa ni ya sebuleni, na kila mtu yumo: mama mkwe, wifi, watoto wa wifi. Ukitaka kumnong'oneza mumeo jambo la pesa, mtoke na gari.

Shida yetu si baridi, ni jua. Kuanzia Juni mpaka Agosti kazi za nje zinapigwa marufuku saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Mume wangu ni msimamizi wa ujenzi, kwa hiyo akishasali alfajiri anaondoka, mchana anarudi kulala na kiyoyozi kinanguruma. Bahari ya Julai ni maji ya kuoga yaliyopashwa, na mchana hutamwona mtu ufukweni ila mwenye shida zake. Watu wanatoka usiku. Saa nne, saa tano, mikeka imetandikwa, chupa za kahawa na tende ziko katikati, mishikaki inafuka pembeni na watoto wanakimbizana na mpira. Aliyezoea kwenda pwani asubuhi ataona vituko.

Samaki wa heshima hapa ni nguru. Lakini kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba kumvua ni marufuku, aachwe azaliane. Mama mkwe huanza kulalamika tangu Julai. Tunampa jodari, tunampa changu, anakula, halafu anauliza, "Hivi leo tarehe ngapi?"

Na bahari hii hii imetutisha. Oktoba 2021 kilipokuja kimbunga Shaheen, sisi Seeb tulisalimika, ndugu za mume wangu waliokuwa Suwaiq maji yaliingia mpaka kwenye makabati. Tukaishi familia tatu nyumba moja. Zulia lao moja nimelianika juu ya dari hadi likapauka, na harufu ya tope haikutoka.

Nikipata nafasi tunakwenda Salalah wakati wa kharifu, Juni hadi Septemba. Manyunyu kutwa, vilima kijani, barabarani vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Mara ya kwanza nilimwambia mume wangu tuhamie huko. Akaniuliza, "Na kazi yangu umeniombea?"

Kijana wa Perth

Perth ya Australia, bahari iko dakika kumi na tano kwa gari. Naiona wageni wakija. Mke wangu muuguzi, mimi dereva wa lori, Jumapili tunalala. Kiangazi alasiri upepo wa baharini unaingia mjini, watu wa hapa wanauita Daktari wa Fremantle, nami nafungua madirisha yote. Huo ndio ufukwe wangu.

Chuma Ulete

Yote sawa, lakini nyumbani hela mnatuma?

Mtanga wa Aberdeen

Mkuu umekuja na swali la mjomba. Soma masharti ya uzi.

Mama Furaha

Nawasalimu wote. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, tunaishi Portland, kule Maine, Marekani. Kwetu nilikulia kwa Ziwa Tanganyika, bahari nilikuwa sijaijua.

Kilichonishangaza kwanza ni maji kuondoka. Ziwa letu ukiliacha asubuhi unalikuta palepale. Hapa asubuhi maji yamefika juu kwenye nguzo za gati, unarudi mchana mashua zimelala kwa matope. Tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita tatu. Bwana yangu aliona hivyo siku ya kwanza akasimama, akauliza mtu kama kuna ajali imetokea.

Tulipofika, sheria kwa muomba hifadhi ilikuwa hivi: unapeleka ombi lako kwanza, zinapita siku 150 ndipo unaomba kibali cha kazi, na kibali hakitoki kabla ya 180. Watu wanafikiri shida ya muda ule ni njaa. Hapana, chakula tulipata, kanisa lilisaidia, mji ulisaidia. Shida ni mwanaume mzima kukaa. Nimeona ndoa za watu wa kwetu zimepasuka katika miezi ile, watu waliovuka nchi na nchi wakiwa wameshikana mikono. Bwana yangu kwetu alikuwa mwalimu. Alikuwa anatoka pale tulipowekwa, anatembea mpaka bandarini, anaangalia feri za visiwani zinaenda zinarudi, anajua saa za kila moja. Nikimuuliza umefanya nini leo, ananiambia ya saa tisa imechelewa.

Sasa mimi niko kiwanda cha kambakochi. Kazi yangu ni mkia. Unashika mwili kwa mkono huu, mkia kwa mkono ule, unazungusha, unavuta. Glavu ya pamba ndani, ya mpira juu, na bado miiba inapita. Nikirudi jioni vidole haviwezi kufunga kifungo cha koti la mtoto, bwana yangu ndiye anafunga, na ndiye anasonga fufu. Mama yake akituona kwenye video anageuza uso. Yeye alipata kazi ya kusaidia walimu shuleni, anatoka mapema kuliko mimi.

Kitu kizuri nilichojifunza kwa wavuvi wa hapa: jike mwenye mayai hachukuliwi. Wanamkata alama ya V kwenye mkia, wanamrudisha majini. Hata akiingia mtego mwingine baadaye, bila mayai, ile alama inamlinda. Nilimwambia bwana yangu, kwetu mwenye kutia alama kama hiyo kwa ndagala, wale dagaa wa ziwa, angehitaji miwani!

Na Januari, baridi ikiwa kali sana, bahari inafuka moshi asubuhi. Mwezi huo huo wa 2024 ilikuja dhoruba ikasomba vibanda vya zamani vya wavuvi kule South Portland, mahali watu walikuwa wanapendea kupigia picha. Sisi picha yetu ya familia iliyo ukutani ni ya pale.

Mzee wa Feri

Mama Furaha, hiyo ya "ya saa tisa imechelewa" imenichoma. Mimi pia nimewahi kukaa bila kibali, nayajua.

Sie tuko Halifax, Kanada. Mimi wa Likoni, kule kwenye feri ya Mombasa, mke wangu wa Kilifi. Na hapa pia kazini naenda kwa feri, Dartmouth hadi Halifax, huduma hiyo ipo tangu 1752. Msukumano hakuna, kila mtu na kikombe chake cha kahawa na simu yake, na mke wangu anasema ndiyo sababu siipendi.

Kisa cha saa ndicho kigumu. Wakati wa baridi tuko nyuma ya Mombasa kwa saa saba, kiangazi sita. Simu ya msiba huwa inaingia saa nane za usiku. Tumekubaliana simu ilale upande wangu wa kitanda.

Kimbunga Fiona kilipopiga Septemba 2022 umeme ulikatika, miti imelala juu ya nyaya mtaa mzima. Friza lilikuwa limejaa. Mke wangu akatoa jiko la mkaa tulilokuja nalo, akaliweka uani, akapika kila kilichokuwa kinayeyuka. Majirani ambao tulikuwa tunapungiana mikono tu wakaja na sahani zao. Mpaka leo kuna mzee mmoja ananiuliza lini tutapika tena, namwambia omba kimbunga.

Bi Mkubwa wa Seeb

Mama Furaha, kambakochi kwa tui la nazi, mnamtia ndimu mwanzo au mwisho? Hapa msimu wake ni mfupi na nataka nijipange.

Mama Furaha

Mamangu, mimi simli. Nimemshika kutwa, harufu yake iko kwa nywele. Nyumbani ni sombe, yaani kisamvu, na ndagala za pakiti. Ulizia watu wa pwani.

Mzee wa Feri

Mwisho, ukishaepua. Ukitia mwanzo tui linakatika.

Na wewe Mtanga, acha kulalamika. Chukua mshipi ushuke gatini kiangazi, makrel wanakuja wengi, na kuvua kwa fimbo baharini huko Uingereza hakuhitaji leseni. Makrel na vibua ni ukoo mmoja, choma utie pilipili na ndimu. Kichwa kitakuja na samaki wake.

Mtanga wa Aberdeen

Hapa ni mke wake ninayeandika, yeye amelala. Mmemsifia sana humu. Pomboo anaowasimulia mara nyingi nawaona peke yangu, yeye kiti kimelazwa anakoroma. Vichwa vya samaki nimeshavipata: kuna muuza samaki anapita na gari mtaani kwa wazee wangu, nilimwomba anitunzie badala ya kutupa, akaniletea mfuko mzima wa haddock na hakutaka hela. Viko kwenye friza chini ya mbaazi. Nilisubiri nione kama atafungua mwenyewe.

Mzee wa Feri, mkaa wa huko mnanunua wa aina gani? Wa hapa unaouzwa na mafuta ndani yake, chapati zangu zimenuka petroli.